Moto Uliozimika Bila Kuaga

Hapo zamani. Na nikisema zamani msidhani ni ile ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa wameshajua kuchimba gesi chini ya bahari na kuipikia wali. Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sisimami, na mwishoni nina kazi ya kuwapa, tena kazi ngumu.

Kulikuwa na mji ukiitwa Nakapinde, kusini kabisa. Mbele ya mji, mbali baharini lakini si mbali kiasi cha jicho kushindwa, lilisimama jukwaa la gesi. Nyumba ya chuma yenye miguu minne ndani ya maji, ghorofa juu ya ghorofa, na ubavuni mwake mkono mrefu wa chuma umenyooka kama wa mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwenye ncha ya mkono ule uliwaka moto wa gesi, mchana na usiku. Moto ukiwaka baharini, taa zinawaka mjini. Moto ukiwaka baharini, sufuria zinachemka mjini. Moto ukiwaka baharini, mama mwenye mwana jukwaani anageuza ubavu na kulala.

Sasa, kimbunga kikija, jukwaa halibaki na watu. Visima hufungwa, helikopta huja, watu huondoka na moto huzimika. Lakini watu wa jukwaa lile walikuwa na desturi yao ambayo hakuna ofisi iliyowapangia. Mtu wa mwisho, akiwa tayari kuondoka, huiachia gesi iliyobaki kwenye mabomba itoke yote kwa mpigo mmoja. Moto hupanda juu, mkubwa, mwekundu, mji mzima ukauona. Kisha hufa. Huo waliuita moto wa kuaga. Maana yake: tumetoka sote, tumetoka wazima, msilie.

Walikuwa na desturi ya pili, na hii ndiyo itakayotugombanisha hapa. Kimbunga kikipita, watu hurudi na kuwasha moto upya kwa bastola ya fataki. Unalenga ncha ya ule mkono wa chuma, unafyatua, fataki inaruka, gesi inadaka, na kule ufukweni ni vigelegele. Mtu mmoja tu ndiye anayefyatua. Na kama kuna kisima kipya kisicho na jina, kisima kile hupewa jina la mfyatuaji, wala halibadilishwi tena. Hebu fikirini: taa za mji zinawaka kwa jina lako, maharage ya watu yanaiva kwa jina lako, na wewe mwenyewe umeshazikwa na kusahauliwa sura. Nani asingeitaka heshima hiyo? Mimi ningeitaka.

Mwaka ule kisima kipya kilikuwepo. Jina hakikuwa nalo. Kilikuwa na kiburi tu.

Jukwaani alikuwepo Siwema binti Mfaume. Kazi yake ilikuwa kutazama hali ya hewa na kusema tufunge au tusifunge. Ni kazi mbaya hiyo. Ukisema mvua inakuja na isije, watu wanaanua nguo zao na kukucheka kidogo. Ukisema kimbunga kinakuja na kisije, visima vimefungwa bure, mji uko gizani, samaki wameoza kwenye mafriji na bibi harusi ametolewa nje kwa mwanga wa kandili. Siwema lilimpata hilo mara mbili. Mara ya kwanza alisema kinakuja, kikageuka, kikaenda zake. Mara ya pili alisema kinakuja, kikageuka, kikaenda zake. Wanawake wa sokoni wakampa jina: Bi Giza. Akienda kununua nyanya wanamwashia tochi ya simu mchana kweupe. Naona mnacheka. Yeye hakucheka.

Basi alfajiri moja Siwema akatoka na kikombe chake cha chai, akatazama bahari. Upepo hakuna. Mbingu safi. Lakini mawimbi yalikuwa yanakuja kutoka mashariki, marefu, mazito, bila povu, moja baada ya jingine, yanaipanda miguu ya jukwaa taratibu na kushuka. Akaenda kutazama picha za setilaiti. Picha zinasema kimbunga kinakwenda kusini, hakiwahusu. Akauliza ofisi ya nchi kavu. Ofisi ikasema hivyohivyo: kusini, endeleeni na kazi. Siwema akarudi kuyatazama mawimbi, na moyo wake ukamwambia, Siwema, hayo mawimbi yanatoka kwenye kitu kikubwa, na kitu hicho kinakuja huku.

Aseme? Akakumbuka tochi za sokoni. Akasema moyoni, ngoja kidogo. Jua likapanda, mawimbi yakazidi. Ngoja kidogo. Wenzake wakanywa chai ya saa nne. Ngoja kidogo. Mpaka mchana, upande wa mashariki ukawa mweusi kama masizi ya jikoni, na hapo kungoja kukamshinda. Akakimbia ngazi hadi kwa mkuu wa jukwaa, Ahazi Nandonde, mtu mnene, mpole, aliyezoea kusema neno moja watu wengine wanaposema kumi.

"Mkuu, funga," akasema Siwema.

"Ofisi wanasema kinakwenda kusini."

"Ofisi wanatazama picha, mimi natazama maji. Funga. Kikigeuka tena safari hii, nitapanda boti inayotuletea mboga niondoke, usinione tena jukwaani."

Mkuu akasogea dirishani, akatazama maji, akabonyeza king'ora.

Jamani, mliwahi kuona nyumba ya watu wengi ikihamwa kwa dakika chache? Watu wanapanda ngazi, watu wanashuka ngazi. Huyu anafunga mapipa kwa minyororo, yule anafunga milango, mpishi anamwaga mafuta ya moto asije akaunguza dunia. Kwenye chumba cha mitambo wanafunga visima kwa kubonyeza kitufe. Kisima cha kwanza, funga: kikafunga. Kisima cha pili, funga: kikafunga. Kisima cha tatu, funga: kikafunga. Kisima kipya, funga. Hakikufunga. Wakabonyeza tena. Kikafunga nusu, kikakwama. Gesi inapanda, moto kule nje unaendelea kuwaka.

Na kwa wasiojua, kisima kilichobaki wazi kwenye kimbunga si jambo la mchezo. Wimbi likikata bomba, gesi inalipuka, jukwaa linaungua hadi kwenye maji, na mji wa Nakapinde unakaa gizani mpaka watoto waote ndevu.

Aliyeshika kazi ya valvu, yaani vile vizibo vya kufungia visima, alikuwa kijana mmoja mrefu, Chilumba, mwana wa pekee wa Bi Nantende mwuza vitumbua. Akajua kuna njia moja tu. Chini kabisa, ghorofa ya mwisho, mahali mawimbi yalipoanza kupiga, kulikuwa na gurudumu la kuifunga valvu ile kwa mkono. Gurudumu zito, linataka muda. Na muda haukuwepo, maana helikopta mbili zilikuwa zimeshatua juu, na marubani wanapiga kelele kwamba upepo ukizidi kidogo hawaondoki tena.

Chilumba akafanya nini? Akadanganya. Watu wa helikopta ya kwanza wakauliza, Chilumba vipi? Akasema, nakuja na ya pili. Watu wa helikopta ya pili wakauliza, Chilumba vipi? Wakajibiana wenyewe, ameondoka na ya kwanza, si mlimwona na begi lake begani? Kweli walimwona na begi. Alilibeba hadi kwenye ngazi, akalitua nyuma ya pipa, akashuka kwa ngazi nyingine. Mkuu akamwita kwa redio. Chilumba akajibu, "Nimeshapanda ya kwanza, Mkuu. Njooni." Na mvua ile, na upepo ule, nani angeweza kufumbua macho ahesabu vichwa? Mkuu akaamini sauti. Helikopta ya pili ikaruka.

Chilumba akabaki peke yake na kisima chenye kiburi.

Akajifunga kamba kiunoni. Akashika gurudumu. Wimbi likaja likamfunika, likaondoka, akakuta bado amelishika. Akazungusha. Wimbi likaja likamfunika, likaondoka. Akazungusha. Ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Akazungusha. Akawa analitukana gurudumu kwa Kimakonde na Kiswahili na maneno mengine aliyoyasikia kwa mabaharia, mpaka likagoma kabisa, maana lilikuwa limefika mwisho. Kisima kimefunga!

Akapanda juu akitambaa. Redio imeingia maji, imekufa. Nje, moto kwenye ncha ya mkono wa chuma ulikuwa unanywea. Gesi haiji tena, imebaki ile ya kwenye mabomba. Na mbele yake kulikuwa na mpini wa kuiachia yote kwa mpigo mmoja, moto wa kuaga.

Akaushika mpini. Akamfikiria mama yake, Bi Nantende, amesimama mlangoni kwake anautazama moto. Akiuvuta mpini, mama atasema, mwanangu katoka salama, ataingia ndani na kulala. Vuta basi, Chilumba. Lakini moto wa kuaga maana yake tumetoka sote, na yeye hakuwa ametoka. Kijana huyu aliyewadanganya wenzake wote mchana ule, na mkuu wake pia, alishindwa kumdanganya mama yake kwa moto. Akauachia mpini, akafunga bomba. Moto ukanywea, ukawa kama wa koroboi, ukazimika.

Mji mzima ukaona. Moto umezimika bila kuaga.

Sasa tuje bandarini. Bandarini alikuwepo Nahodha Mfaume, babake Siwema, mwenye tagi. Tagi ni ile boti fupi nene yenye matairi ubavuni, kazi yake kusukuma meli. Mfaume alikuwa mtu wa amri. Bandari ikisema toka, anatoka. Bandari ikisema funga kamba, anafunga kamba. Siku ile bandari ilisema chombo chochote kisitoke, na mzee akafunga kamba, akaongeza nyingine juu ya zile. Alishaambiwa helikopta zimekwenda jukwaani. Lakini uwanja wa ndege wa mjini ulifungwa kwa upepo, zikaelekezwa bara, mbali, na nani yumo na nani hayumo hakuna aliyejua.

Akawa amesimama kwenye tagi anautazama moto wa jukwaa. Akaona unanywea. Akangoja upande juu. Haukupanda. Ukazimika.

Mzee akakaa chini kwenye kamba, akashika kichwa. "Mwanangu," akasema. Halafu akainuka na kisu, akazikata kamba alizozifunga mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Chini kwenye injini alikuwepo fundi wake, Somoe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya grisi na mdomo mgumu kufunguka. Mzee akamwambia ashuke, kwa kuwa hii ni safari yake na mtoto wake. Somoe akamwuliza nani ataishika injini kama si yeye. Mzee akasema na sauti inamkatika, "Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, Somoe, wallahi ningekuwa naongeza kamba. Ila ni Siwema." Yakumbukeni maneno hayo. Somoe aliyakumbuka. Akashuka kwenye injini, akaiwasha, wakatoka.

Bandari inapiga honi, rudi! Bandari inawasha taa nyekundu, rudi! Tagi hiyooo, imepita mlango wa bandari, inapanda wimbi, inaanguka, inapanda, inaanguka.

Na hapo hapo, kabla hawajatoka nje ya mtandao, simu ya Somoe ikalia mfukoni. Akaiweka sikioni katikati ya makelele ya injini. Sauti ya Siwema, vipandevipande. "Simu ya baba haipatikani. Mwambie nimefika. Niko salama, niko bara." Somoe akauliza, "Mmefika wote?" Siwema akasema, "Sisi tumefika, wa pili wako nyuma yetu, wako—" Simu ikakata.

Somoe akapanda ngazi mbili. Akamwona mzee kwa nyuma, ameshika usukani, analia kwa sauti kama mtoto, anaita jina la bintiye kwenye kioo. Neno moja tu lilitakiwa. Mzee, Siwema yuko salama. Neno moja, na mzee angecheka, angegeuza tagi, wangekunywa chai bandarini.

Lakini moto haukuaga. Kama wote wametoka, mbona moto haukuaga? Somoe hakuwa na habari nyingine yoyote. Alikuwa na hilo tu. Akaitia simu mfukoni, akashuka ngazi mbili, akaongeza mafuta kwenye injini.

Walipofika jukwaani bahari ilikuwa imechanganyikiwa. Maji yanatoka chini, maji yanatoka juu. Jukwaa linalia chuma kwa chuma. Na kwenye ngazi ya kamba, chini, mtu! Ovaroli ya rangi ya machungwa, kofia ngumu kichwani, ameng'ang'ania. Mfaume akapiga ukelele, "Siwema, shika vizuri, baba nimekuja!" Akaingiza pua ya tagi palepale, kati ya miguu ya chuma, mahali ambapo nahodha mwenye akili haingii hata siku ya utulivu. Wimbi likaipandisha tagi. Yule mtu akajiachia. Akaanguka juu ya matairi, akateleza, na Somoe akamdaka ovaroli akamvuta ndani. Kofia ikadondoka.

Ndevu.

Mzee akamtazama. "Siwema yuko wapi?"

"Aliondoka na helikopta ya kwanza, Mzee," akasema Chilumba huku anatapika maji. "Nilimwona anafunga mkanda."

Mzee akamgeukia Somoe. Somoe hakuonyesha mshangao wowote, na mzee akajua kwamba mwenzake alikuwa na habari tangu njiani. Akaugeuza usukani kuelekea nyumbani.

Nyumbani walifika, ila tagi haikufika. Kwenye mlango wa bandari kimbunga kiliishika kikaiweka juu ya mwamba, ikapasuka. Watu watatu wakatupwa mchangani, huyu na mkono umevunjika, huyu na meno pungufu, lakini wote wanapumua. Bi Nantende alikuja mbio na kanga moja, akamkuta mwanawe, akampiga kofi kwanza, ndipo akamkumbatia.

Kimbunga kikapita. Safari hii hakikugeuka. Kiling'oa mapaa, kiliangusha minazi, kilikunja vyuma vya jukwaa kama mtu anavyokunja waya wa mshikaki. Lakini visima vilikuwa vimefunga, vyote, na kile kipya pia. Mafundi wakaenda, wakachomelea, wakapima, wakasema jukwaa lipo tayari. Mji ulikuwa umechoka na giza. Hospitali inaomba mafuta ya jenereta, watu wanapika kwa vifuu. Siku ya kuwasha moto ikafika, na ufukweni watu walijaa tangu asubuhi, wanawake wamekaa tayari na vigelegele mdomoni.

Mkuu, Ahazi Nandonde, akawaita jukwaani watu wanne. Siwema. Chilumba. Nahodha Mfaume na mkono wake kwenye kitambaa. Somoe. Akaiweka bastola ya fataki juu ya pipa. Akasema gesi inaanza kufunguliwa chini, haitachukua muda kufika juu, basi kila mmoja aseme kwa nini awe yeye.

Siwema akasema, "Ni mimi, Mkuu. Nisingesema, wimbi lingetukuta mezani tunakula. Kila mtu aliyesimama hapa anapumua kwa sababu nilifungua mdomo uliokwisha kuchekwa mara mbili."

Mkuu akamwuliza alijua lini. Siwema akasema alfajiri. Akamwuliza alisema lini. Siwema akasema mchana, na hakuinamisha uso.

"Ungesema alfajiri," akasema Chilumba polepole, "kile kisima tungekifunga watu sita, kwa zamu, tunapiga soga."

Kisha Chilumba akasema, "Ni mimi. Bila mikono hii hakuna jukwaa la kusimamia leo, wala gesi ya kuwasha. Mnagombea moto wa kisima nilichokifunga mimi."

Mkuu akasema, "Ulinidanganya kwenye redio. Watu wawili wangekufa kwa kukufuata."

"Ningekwambia ukweli, Mkuu, ungeondoka?"

"Nisingeondoka."

"Na helikopta ingeondoka?"

Mkuu akamgeukia mzee.

Mzee Mfaume akasema, "Ni mimi. Tangu nishike usukani sijavunja amri, siku ile nimevunja. Tagi yangu ipo kwenye mwamba, kaa wanaingia na kutoka. Bandarini hawanitaki tena. Na huyu kijana yupo hai kwa sababu niliingiza chombo mahali ambapo chombo hakiingii."

Mkuu akamwuliza alikwenda kumtafuta nani. Mzee akasema, mwanangu. Akamwuliza alirudi na nani. Mzee akasema, mwana wa Bi Nantende. "Lakini nilirudi naye," akaongeza.

Somoe akawa wa mwisho. Alisema kwa ufupi, kama kawaida yake. "Mimi nilinyamaza. Ningesema, tagi ingegeuka na Chilumba angekufa. Basi ni mimi."

"Ulijua kuna mtu jukwaani?" akauliza Mkuu.

"Sikujua. Moto haukuaga, basi."

"Na kama asingekuwepo mtu?"

"Ningekuwa nimemuua mzee wa watu bure, na mimi juu yake."

Siwema akamjia juu. "Nilikupa neno umpe baba yangu, ukalitia mfukoni! Ulimtazama analia. Ulimtoa baba yangu kafara kwa ajili ya mtu ambaye hukujua hata kama yupo. Nani alikupa ruhusa hiyo?"

"Hakuna aliyenipa," akasema Somoe. "Na ningefanya tena."

Chini mabomba yalianza kuvuma. Siwema akamgeukia babake, na sauti yake ikashuka.

"Baba. Ungepata habari kwamba nimefika salama, ungeendelea?"

Mzee Mfaume akatazama pale miguuni mwa jukwaa, kwenye ngazi ya kamba. Chilumba alikuwa amesimama pembeni yake kabisa, bega kwa bega, anasikia kila neno.

"Kila nikifumba macho najiuliza hilo, mwanangu," akasema mzee. "Nataka kusema ningekwenda. Mbele ya huyu kijana natamani sana kusema hivyo. Lakini sijui. Wallahi sijui."

Chilumba akaushika mkono wa mzee ule mzima, akaubakiza mkononi mwake.

Hapo sauti ikapanda kutoka chini, "Gesi imefika! Washa!" Na kweli, kwenye ncha ya mkono wa chuma hewa ilikuwa inacheza, gesi inatoka kwa nguvu, inavuma. Gesi ikishatoka haingojei mashauri. Ufukweni wanawake wameinuka, mikono ipo midomoni. Mkuu akainyanyua bastola kutoka juu ya pipa, akainyoosha mbele yao kwa upande wa mpini. Akamtazama aliyejua. Akamtazama aliyefunga. Akamtazama aliyekwenda. Akamtazama aliyenyamaza. Mkono wake ukasita.

Na mimi nawaachia hapo hapo, gesi inavuma na mji uko gizani. Nyumba moja kule Nakapinde mume na mke walikula mbalimbali siku tatu kwa ajili ya jambo hili, basi msije mkanichania mikeka mliyokalia. Bastola hii hapa, nimekukabidhi wewe uliyekaa karibu. Kisima kinangoja jina. Fanya haraka.

Je, nani alistahili?